Miwani kwa Wenye Macho

Mimi ndiye niliyeshika kalamu.
Jina langu halimo katika daftari hili,
ila mwandiko ni wangu, na doa la wino
ukurasa wa tisa ni langu pia: siku hiyo nilipiga chafya.

Don Baltasar Echegoyen alipanda Sayhuapampa
juu ya nyumbu wa kukopa,
na kovu begani lililobadilisha vita kila mwaka:
mara Orani, mara Italia, mara mpakani mwa Ureno.
Uliwali aliununua Madrid kwa fedha za mkwewe,
miaka mitano ya kuwa hakimu, jemadari na mtoza kodi
wa watu elfu tatu asiowajua hata kwa sauti.
Deni lilimtangulia mlimani, likamngoja mlangoni.

"Deni ni kiroboto," aliniambia usiku wa kwanza,
akichua vidole vilivyokufa ganzi.
"Humwoni, lakini hulali."

Basi akafungua duka ndani ya mahakama.
Asubuhi alihukumu, mchana aliuza,
na aliyekataa kununua mchana
alisomewa shitaka asubuhi yake.

Nikaandika.
Nyumbu arobaini wa Tukumani, mmoja kwa bei ya watatu.
Nyembe dazeni ishirini, kwa wanaume
ambao ndevu zao unaweza kuzihesabu ukiwa umelewa.
Soksi za hariri, kwa wachunga lama.
Na miwani, kasha zima, kutoka Genova,
kwa watu wanaomwona kondori
kabla kondori hajajua kwamba ameruka.
Mwenye macho haambiwi tazama;
Don Baltasar alimuuzia cha kutazamia.

Melchora Chuquimia, mfumaji, alipewa jozi mbili:
moja yake, moja ya mumewe
aliyezikwa tangu Kwaresima.
"Marehemu anasoma nini?" akauliza kwa Kikechua.
Liwali akanigeukia nimtafsirie.
Nikasema: anashukuru.

Hilo nalo halimo daftarini.

Sitaki mseme alikuwa shetani.
Nilimwona akilia juu ya barua ya binti yake,
aliyejifunza kuandika neno "baba" akiwa hayupo.
Nilimwona akimkinga kwa mwili wake kijana mpiga ngoma
mawe yalipoanza kunyesha kutoka mapaani,
mwaka ule watu walipochoka.
Kisha, alasiri hiyohiyo, alitia sahihi watu sita wanyongwe,
akaniamuru gharama ya kamba
niiongeze kwenye deni la kijiji.
Nikaandika.

Muda wake ulipokwisha, mkaguzi akaja kutoka Lima,
akala kondoo wetu siku kumi na moja,
akauliza kama kuna mwenye malalamiko.
Mlango ulikuwa wazi. Uliingia upepo tu.
Don Baltasar akateremka Arika na mizigo tisa ya fedha:
wadai wakachukua minane gatini,
mganga wa homa akachukua wa tisa.
Nasikia sanda yake ilikopwa kwa baharia.

Siku hizi herufi zinanikimbia kama sisimizi.
Jana nilikwenda kwa Melchora, sasa ni ajuza,
kumwomba jozi moja. Akanipa yenye kioo kimoja.
Kile kingine amekitumia miaka yote hii
kukinga jua na kuwashia moto wa mavi ya lama.
"Bei?" nikauliza.
Akaendelea kufuma.

Nimerudi nyumbani, nimefumba jicho la kushoto,
nimefungua ukurasa wa tisa.
Doa limekaa juu ya jina la mumewe,
limekaa sawasawa, kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho.
Nimeusogeza ukurasa dirishani, nimeugeuza,
hata wino nimeulamba, kwa upumbavu wa uzee.

Sikupiga chafya siku ile.