Gramu Arobaini

Kilo yangu ni ya shaba. Inalala
ndani ya kijisanduku, juu ya mahameli ya kijani,
na sheria ya kwanza niliyofundishwa kazini ni hii:
usiiguse kwa kidole kitupu.
Jasho lina uzito.
Mguso kwa mguso, mwaka kwa mwaka,
kilo hunenepa, na ikinenepa husema uongo.

Miaka kumi na saba naibeba.
Soko la Castro, machinjio, maduka ya misumari,
kisha kivuko cha kwenda Quinchao, mvua ikitupiga ubavuni,
kisha nyuma tena.
Naweka kilo, nasoma mshale, nagonga muhuri.
Naweka, nasoma, nagonga.
Mkono umeijua kazi hata mimi nisipokuwepo,
na mara nyingi sikuwepo.

Daraja langu la mshahara ni la kumi na sita.
Lilikuwa la kumi na sita alipoajiriwa Belisario,
kijana niliyemfundisha kushika kibano;
leo ndiye anayesaini likizo yangu.
Sina kinyongo naye. Hukohoa kabla ya kuniita ofisini
kama mtu anayebisha hodi kwa ajili ya deni.

Usiku nilikuwa naota ngazi.
Si ya kupanda: ya kufagia.

Jumatatu moja ya Julai niliandika barua ya kuacha kazi.
Mistari sita. Niliipima, mazoea ni mazoea:
gramu tano, pamoja na bahasha.
Nikaisokomeza chini ya mahameli
nikaenda kumaliza duru ya mwisho.

Rosenda Cheuquemán huuza viazi,
vile vyeusi vyenye umbo la kidole kilichovimba.
Mizani yake ya saa aliirithi kwa shangazi.
Kila mwaka aliificha nikipita,
na kila mwaka nilijifanya sikuiona.
Siku ile sikuwa na cha kupoteza. Nikasema: ilete.

Mshale ukasimama kwenye mia tisa na sitini.
Nikarudia. Mia tisa na sitini.

"Umenishika," akasema, uso umempauka.
"Sijakushika. Umejipunja."

Hakuelewa. Nikamweleza: kila kilo uliyouza
iliondoka na gramu arobaini ushei juu yake, bure.
Akakaa juu ya gunia, akaanza kuhesabu kwa vidole,
vidole vikamwishia.
Haba na haba hujaza kibaba,
lakini kibaba cha nani?
Cha wapishi wa hoteli, cha jirani asiyeitika salamu,
cha padri, cha yule bibi aliyetangaza soko zima
kwamba viazi vya Rosenda vinashibisha.
"Kumbe ndiyo siri yenyewe," akasema, akacheka
kicheko kilichogeuka njiani kikawa kitu kingine.
Kisha, taratibu, kwa jina langu:
"Na wewe, Eduvina, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na bisibisi.

Nikapiga magoti kwenye maji ya samaki,
nikafungua mgongo wa mizani. Springi ilikuwa imeota kutu
ya chumvi. Niliisugua kwa mafuta na leso yangu.
Robo mzunguko. Zaidi. Rudi kidogo.
Sikumbuki mvua. Sikumbuki saa ya chakula.
Nakumbuka mshale ukitetemeka karibu na elfu moja
kama mtu anayetafuta neno,
halafu akalipata.

Muhuri nilioupiga siku ile
niliusikia hadi kwenye kiwiko.

Hakunishukuru. Alinipimia kilo ya viazi,
kamili, bila hata kimoja cha nyongeza,
akanidai bei yote. Nikalipa.

Daraja bado ni la kumi na sita. Belisario bado anakohoa.
Ziko asubuhi ninazopanda kivuko nikiwa gunia tu.
Barua iko palepale; sijaichana, sijaipeleka.
Inaiinua kilo kidogo, kama mto.
Ila siwapiti tena wanaoficha mizani.
Nawaambia waisogeze penye mwanga,
navaa glavu,
nainama.