Taa Nne

Saa kumi na moja alfajiri, Ibra,
kabla sakafu ya dari haijageuka kikaango,
nimepanda na spana namba kumi na tatu,
waya mita arubaini
na bomba lililobaki tulipojenga choo.

Ng'ambo ya wadi, juu ya nyumba ya kaka Nassor,
bintiye Zuwena ameshafunga ya kwao.
"Igeuze, ami. Kushoto. Siyo kushoto kwako!"
Simu nimeibana begani, jasho liko jichoni.

Mimi na Nassor, tangu arubaini ya mama,
salamu zetu hupitia kwa watoto.
Kisa: mtende mmoja wa khalasi.
Na ndio huohuo uliosimama katikati,
makuti yake yanakula mawimbi.
Taa mbili. Moja. Hakuna.

Nikafikiria panga.
Kisha nikaunga bomba, mita na nusu juu,
nikakaza hadi chuma kikalia.

"Imeshika! Zote nne, kijani!"
Na nyuma ya Zuwena, mbali kidogo na simu,
kikohozi nilichokijua tangu tukilala kitanda kimoja:
"Mwambie afunge na kamba. Upepo wa huku hauna adabu."

Kamba nilikuwa nimeshafunga.
Nikafunga tena.