Rasimu ya Kumi na Moja

Tumebishana juu ya neno *sharti* tangu saa mbili usiku.
Adhola yuko Maseno, sauti yake inakatika
kama redio yenye betri za juzi; yeye anataka *inafaa*.
Nelima anataka *yaweza*, kwa kuwa ndiye atakayeandika programu
na anajua sharti lina uzito gani begani.
Mimi nataka sharti. Sisemi kwa nini.

Ni lugha ndogo. Haina mzunguko,
haiwezi kujirudia mpaka ikachoka.
Ina *ikiwa*, ina *la sivyo*,
ina *koma*, ambayo kwetu ni alama na ni karipio,
na nukta-mkato mwishoni mwa kila amri,
kama mtu anayefunga mlango kwa adabu.
Kazi yake ni kusimama kwenye kizingiti cha sanduku la barua
na kuuliza: umetoka kwa nani? umebeba nini? uende wapi?

Tuliipa jina Chekeche.
Adhola alipendekeza Chujio. Nikamwambia chujio ni la chai,
majani yakibaki humo hutupwa, hakuna anayeyatazama.

Jana asubuhi nilipita Kibuye kununua omena.
Nyar Uyoma alikuwa akipepeta sinia baada ya sinia,
mchanga ukidondoka, vigamba vya konokono vikidondoka,
na kila alipokuta kisamaki asichokielewa
alikitia kwenye mkebe wa Kimbo kando ya goti.
Nikamuuliza, hivyo ni vya nini?
"Vya kuangalia baadaye. Unanunua ama unanihoji?"
Nikanunua gorogoro moja.
Njiani nikaandika kiganjani, kwa kalamu: *mkebe*.

Mwezi wa nne nilijitungia kanuni yangu mwenyewe,
nikaiona nzuri:

     ikiwa kichwa kina "tuma" na "pesa" na "haraka"
          tupa;
          koma;

Ikafanya kazi. Wajane wa majenerali wenye dhahabu,
bahati nasibu nilizoshinda bila kucheza,
wote wakamezwa na giza, nami nikalala usingizi.
Tarehe kumi na tisa binamu yangu Opanga,
asiyejua kwamba barua ina kichwa na kiwiliwili,
aliandika kutoka Butere, yote kichwani:
*Tuma pesa ya jeneza haraka mjomba Amukoya ametuacha*

Simu walipiga. Walikuwa na namba ile niliyoipoteza Ahero.

Chekeche likasoma maneno matatu. Jina halikulisoma.
Halikukosea. Lilitii.

Nilifika siku ya tisa baada ya mazishi.
Udongo ulikuwa umeanza kupasuka, kuku wanatembea juu yake.
Shangazi alinipokea mkoba, akaniuliza
kama huko Kisumu kazi ni nyingi sana.
Nikasema ndiyo.

Sasa ni saa sita na robo. Stima imepotea Migosi nzima,
kompyuta imebaki na asilimia kumi na nne.
Naandika kifungu cha saba:

     Kanuni isipoeleweka, sharti barua ihifadhiwe.
     Mashine ikianguka katikati ya kazi, sharti barua ihifadhiwe.
     Penye shaka,

Adhola ananikatiza. "Shaka ina kipimo gani?
Huwezi kuiweka kwenye kiwango kitu kisichopimika."
Kweli. Nafuta shaka.
Kimya. Nasikia mbu, nasikia Nelima akinywa kitu.
Halafu anasema polepole, kama anayejisomea bili:
"Hilo sharti la kwanza, nitalibeba. La pili litanigharimu wiki mbili."
"Zibebe," nasema. Sauti yangu yanishangaza.
Hakuna anayeuliza.

Naandika: *isitupwe, bali itiwe kwenye mkebe.*
"Mkebe ndio nini?" anauliza Adhola. "Haumo kwenye istilahi."
Haumo.
Narudi kifungu cha pili, baina ya *kichwa* na *mpokeaji*,
asilimia tisa,
naanza kuufafanua.