Mfuta Miwani, Kiborloni

Kazi yangu ni pamba na spiriti.
Pambano likiisha navua miwani usoni mwa mtu,
nafuta jasho la huyu
kabla halijawa jasho la yule.

Ukumbi ni stoo ya saruji nyuma ya duka la Mangesho.
Ndani ya miwani, wanasema, kuna uwanja wa barafu,
panga zinawaka, theluji haiyeyuki.
Sisi wa nje tunaona vijana wawili
wanakata hewa, wanatimua vumbi la simenti.

Ukichomwa kule, fulana hukutekenya huku.
Namba tatu, ndivyo lilivyosema tangazo mlangoni.
Fainali, Elirehema alikuwa anashinda,
na dau kubwa la ukumbi lilikuwa kwa mwenzake.
Nikaona kidole cha Mangesho kwenye kompyuta:
tano.
Saba.
Kadi ya bodaboda ya Elirehema imo drooni mwake,
dhamana ya kiingilio.

Akaanguka kama gunia lililokatwa kamba.
Watu wakashangilia, wakidhani ndio utamu wenyewe.
Hata mpinzani, kipofu ndani ya ushindi wake,
aliendelea kumchoma mtu aliyekwishalala.

Nikamvua miwani. Jicho moja likanitafuta.
"Nimeshinda?"
Nikafuta kioo, nikafuta tena,
na kilishatakata zamani.

Siku hiyo nililipwa elfu saba badala ya tano.
Sikuuliza.

Leo nimemwona Mbuyuni akishusha ndizi
kwa mkono wa kushoto,
wa kulia ameutia mfukoni
kama anayeficha chenji.
Nikavuka barabara,
nikajifanya nasoma bei ya mchele.