Mwongozo wa Kusahihisha

Swali la nne, kipengele (b). Tegua:
"Ana miguu mingi, safari hana."
Mwongozo ulisema: meza.
Mbwana wa Kidato cha Pili aliandika: mkoko.
Nikamtia mkasi kwa kalamu nyekundu,
nikafunua karatasi nyingine.

Nisameheni. Mimi ni mtu wa Kiomboi,
nilizaliwa mbali na chumvi.
Mkoko niliujua kwa nahau: umealika maua, basi.
Miaka mitatu nimeifundisha nahau hiyo hapa Moa,
pwani ikisikika dirishani,
bila kujua ua lenyewe ni la rangi gani.

Siku ya bamvua nikajaza andalio la somo.
Mada: fasihi simulizi, vitendawili.
Zana: maji kupwa, saa nne hadi saa saba.
Mkuu wa shule akauliza, "Na vitabu?"
Nikasema vipo, ila haviazimwi.
Akatia saini huku akitazama viatu vyangu
kama mtu anayeviaga.

Viatu viliishia hatua ya tisa.
Tope la Moa halijali cheo.
Lilinishika magotini, likanikalisha,
na wanafunzi arobaini na mmoja
ambao darasani husimama nikiingia
wakanipita wepesi, wakikanyaga mizizi
kama ngazi za kwao.

"Huu mkandaa, Mwalimu, gome lake hutia rangi.
Huu mchu. Huo uliouegemea ni mkomafi."
Aliyesema ni Mwanatumu,
wa dawati la nyuma,
ambaye tangu Januari sijaisikia sauti yake.
Akaokota tondo, akalitaja kwa Kidigo,
papo hapo akaziba mdomo kwa kiganja cha tope,
macho yakitafuta kile kibao
tunachowavika shingoni wasema kilugha.

"Nimekiacha ofisini," nikasema. "Rudia."

Akarudia. Kisha vikaanza kumiminika:
Ukipiga hodi, mwenyeji anajivuta na mlango wake.
(Tondo.)
Anakwenda sokoni, uso unatazama kwingine.
(Kaa, Mwalimu! Hata hilo?)
Mji nilipewa mara saba, na mara saba sikuwa nao.

Mbwana hakutega chochote.
Alisimama kando ya mkoko,
akagongagonga mguu wake mmoja
kama agongaye mlango wa mtu anayemdai.
Nikaihesabu. Ilipofika hamsini na miwili nikaacha,
nikasema mbele ya wote:
"Nilikosea. Ni mkoko. Alama zako mbili zimerudi."

Makofi. Tope likaruka hadi kwenye miwani.

Mwanatumu hakupiga makofi.
"Lakini, Mwalimu, mkoko unatembea."

Akatuonyesha tunda refu, limechongoka,
limechipua kabla halijamwacha mamaye.
Likianguka hujichoma lenyewe topeni.
"Nikiwa darasa la kwanza, mti wa mwisho ulikuwa kule,
penye gogo. Sasa wa mwisho ni huu."
Tukapima kwa miguu yetu:
hatua thelathini na nne, kuelekea baharini.

Hapo ndipo nilipozikumbuka nyasi za Kiomboi.
Nilipochunga mbuzi nilizijua moja moja,
jina kwa Kinyiramba, ladha kwenye jino.
Hakuna mtihani ulioniuliza hata unyasi mmoja,
nami nikazisahau, kwa utiifu kabisa.

Maji yakarudi bila kungoja kengele.
Walinitoa wawili wawili, wakinivuta mikono,
na kiatu cha kushoto hakijapatikana mpaka leo.

Usiku nikaitoa karatasi ya Mbwana.
Nikaandika mbili. Nikafuta. Nikaandika tena.
Kwenye mwongozo, nikaikata meza,
nikaandika: aulizwe Mwanatumu, kila baada ya masika.

Ikabaki safu ya Tathmini, ile ambayo siku zote
hujaza "somo limeeleweka" kabla sijaingia darasani.

Mwalimu amefika magotini.
Arudie.