Tarehe Ngapi

Kilikuwa chumba cha wageni.
Tulitoa mito, tukakunja zulia la Bibi,
deli la kahawa tukalihamishia jikoni,
tukaingiza meza ya plastiki na kaka yangu Mundhir.
Miaka minne sasa, hapa Mabela,
na wageni tunawapokea ukumbini, kwenye joto.
Huondoka mapema.

Asubuhi kiyoyozi kinakoroma.
Usiku kiyoyozi kinakoroma.
Bili ya mwezi wa saba naijua mimi,
ninayesimama kaunta, duka la kituo cha petroli,
nikisema rial mbili na baisa mia tatu, asante, karibu,
mpaka ulimi unaota sugu.

Watu elfu sita, nafasi kumi na tisa.
"Kwani hao kumi na tisa si watu?" Mundhir huniuliza.
Watu. Na wale wengine?
Hajibu. Anapiga mstari wa manjano
chini ya sentensi aliyoipigia wa kijani mwaka jana
na wa waridi mwaka juzi.
Kitabu kimekuwa kanga.

Na mimi nisijitoe lawamani.
Kiwanda cha mabati kule Rusayl kilimwita,
mara mbili kilimwita,
na ni mimi niliyesema: kaa, soma, serikali ina pensheni,
serikali haifungi mlango ikahama usiku.
Nikauza bangili moja alipie kozi ya jioni.
Mwalimu wa kozi
naye alikuwa akisomea mtihani uleule.

Macho yakaanza kumtoka machozi bila kilio.
Mgongo ukachukua umbo la kiti.
Raya, tuliyekwisha kupeleka posa kwao,
alingoja matokeo ya kwanza,
akangoja ya pili.
Ya tatu yalipotoka tulikuwa harusini kwake.
Tulikula wali. Tulipongeza.

Sheria za utumishi zinampita mdomoni kama punje za tasbihi.
Anazisoma akitawadha, anazisoma akitafuna:
mtumishi akiugua, hivi;
mtumishi akihamishwa, hivi;
mtumishi akifiwa na mzazi wa mzazi wake,
ana siku tatu.

Bibi alikufa Jumatatu kabla ya alfajiri.
Zilikuwa zimebaki siku nane.
Mundhir alibeba jeneza, alitia mchanga, sikatai.
Adhuhuri ilimkuta mezani.
Si mtumishi bado, siku tatu si zake.

Jioni nyumba ilijaa.
Bi Thuraya, aliyecheza kombolela na Bibi huko Unguja
kabla hata mama yangu hajafikiriwa,
alijikokota hadi mlango wa kile chumba,
akashika kizingiti, akamwambia kwa huruma:
"Pole, baba. Huu ni mtihani."

Kaka yangu akainua kichwa.
Kalamu i mkononi.
"Tarehe ngapi?"

Hakuna aliyecheka.
Bi Thuraya alimtazama muda mrefu,
kisha akanitazama mimi,
kana kwamba mimi ndiye niliyeutunga.
Nikaenda jikoni kusuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa.

Alikwenda, siku ya nane, na kanzu niliyoipiga pasi,
kalamu tatu, chupa ya maji iliyobanduliwa karatasi.
Aliporudi alilala saa kumi na sita.
Nilimsikia usingizini akihesabu vifungu,
akiruka kimoja, akirudi nyuma.

Leo ujumbe umeingia nikiwa kazini.
Laini ya simu ni kwa jina langu, nailipia mimi.
Hukufaulu, unasema, kwa maneno mengi ya adabu.
Tunakushukuru.
Na chini kabisa, peke yake kwenye mstari,
iko tarehe.

Kidole gumba kiko juu ya kufuta.
Mteja ameweka chupa ya laban mbele yangu,
anagonga kaunta kwa sarafu.
"Dada. Dada, bei gani?"