Saa Tatu na Dakika Kumi

Niliingia kwa hiari. Imo kwenye faili:
Chande Mkumba, miaka arobaini na moja,
karani wa duka la vipuri, Gerezani.
Sista Nsajigwa akacheka: "Kumbe unatoka Gerezani?"
Ndiyo, dada, na sijawahi kufungwa.
Hiari yashinda utumwa, nikatia sahihi.

Jumatatu nikaandika barua ya kutoka,
mistari mitatu, mwandiko wa risiti:
Nimepata nafuu.
Naomba kuondoka.
Ahsanteni.
Sista akagonga muhuri,
pembeni akaandika saa: 3:10.

Kumbe aliyeingia kwa hiari
hatoki kwa hiari.
Ipo sheria. Akanisomea, kidole juu ya mstari
kama anayemfundisha mtoto alifu:
daktari aweza kukuzuia kwa muda uliowekwa,
akuone, aamue kama u hatari
kwa nafsi yako ama kwa wengine.
Muda ukipita kimya, mlango ni wako.

Nikauhesabu kama ninavyohesabu beringi,
moja moja, nikizigusa.
Ukaisha asubuhi.
Nikavaa viatu vyangu visivyo na kamba.

"Bado," akasema Daktari Rweikiza.
"Hapa pana 3:10. Ni alasiri hiyo, saa tisa na kumi."
"Ni saa tatu, daktari. Jua lilikuwa dirisha la mashariki.
Muulize aliyeandika."
Aliyeandika katoka zamu ya usiku,
amelala kwake Tandika, simu kaizima.

Basi zikabaki saa sita zisizo na mwenyewe.
Kwa saa yangu niko huru, nimekaa kitandani.
Kwa saa yao nimezuiwa, nimekaa kitandani.
Godoro lile lile, lenye namba ya wodi kwa wino wa bluu.
Ukaja wali na maharage, nikala.
Mlinzi akaenda kuswali, ufunguo akausahau getini;
nikautazama unavyoning'inia
mpaka akarudi.

Sijamwambia mtu habari za tangi la maji
juu ya paa la duka letu,
wala kwamba ngazi yake ina vipandio kumi na saba.

Zilipobaki dakika tano daktari akavuta stuli.
Hakunitajia sheria.
"Ukitoka sasa hivi, Chande,
usiku wa leo utalala wapi?"

Nikainua macho kwenye saa ya ukutani.
"Ile pale," nikamwuliza,
"inasema saa ngapi, kwa Kiswahili?"